Kabla ya Kununua Gari la Kifahari Lenye Tabo

Ukienda sokoni leo kutafuta Toyota Harrier ya mwishoni mwa mwaka 2017, utaoneshwa magari mawili yaliyo sawa kwa bodi, kwa viti na karibu sawa hata kwa ujazo wa injini. La kwanza lina injini ya cc 1,986 inayovuta hewa yenyewe, nguvu za farasi 151. La pili lina injini ya cc 1,998 yenye tabo, nguvu za farasi 231. Kwa nguvu ya kuzungusha, ile inayokusukuma mgongoni gari linapoondoka, la kwanza lina nyutoni-mita 193 na la pili 350. Swali hilohilo la kuchagua linakungoja kwenye Mercedes-Benz C-Class, kwenye BMW, kwenye Lexus NX na RX, na kwa yeyote anayeagiza gari la kifahari lililotumika kutoka Japani au Uingereza. Wauzaji wengi hulijibu kwa neno moja: lenye tabo lina nguvu na halili mafuta, basi chukua hilo. Mimi nasema jibu hilo limeacha nusu ya hesabu nje. Tabo haifuti gharama ya nguvu, bali huihamisha. Injini kubwa isiyo na tabo inakutoza waziwazi, bandarini siku ya ushuru na kwenye kituo cha mafuta kila wiki. Injini ndogo yenye tabo inakupunguzia hapo, kisha inakudai baadaye, kwa mkupuo, kupitia oili, joto, mabomba na tabo yenyewe. Aliyelinunua gari likiwa jipya alifaidi punguzo. Wewe unayelipokea likiwa na miaka kadhaa ndiye unayeweza kukutana na deni, na uamuzi wako wote unategemea kama unaweza kulipima deni hilo kabla hujatoa pesa.

Ili uelewe deni linatoka wapi, anza na hewa. Lita moja ya petroli inahitaji takriban kilo 11 za hewa ili iungue sawasawa, yaani zaidi ya lita 9,000 za hewa ya pwani. Kumwaga petroli ni rahisi. Kinachoipa injini mpaka wa nguvu zake ni hewa inayoweza kuingia ndani ya silinda. Injini ya kawaida hutegemea pistoni inaposhuka, hewa ikaingia kwa msukumo wa anga peke yake, kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi unaongeza ukubwa wa silinda, idadi yake, au kasi ya mizunguko. Tabo inapita njia nyingine. Gesi ya moshi hutoka na karibu theluthi ya nishati yote ya mafuta uliyoyalipia, na gesi hiyo huelekezwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, likazunguka. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa shafti fupi na gurudumu la pili linalosukuma hewa safi kuingia kwenye injini kwa shinikizo. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo hili mwaka 1905. Lilikomaa kwanza kwenye meli, ndege na malori, likafika kwenye magari ya abiria ya Marekani mwaka 1962 kupitia Oldsmobile na Chevrolet, na kuanzia mwaka 1975 Porsche 911 Turbo ikalipa jina. Jambo la kushika hapa ni moja: shafti ile huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kwa tabo ndogo hata zaidi ya laki mbili, ikiwa inaelea juu ya utando mwembamba wa oili ileile ya injini, huku upande wake mmoja ukipigwa na gesi ya petroli inayokaribia nyuzi 1,000 za selsiasi. Oili ikichoka, shafti hiyo ndiyo ya kwanza kuumia.

Je, kwa nini basi karibu kila kampuni ya magari ya kifahari ilihamia huko? Sheria ilichangia sana. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni iliyotaka wastani wa magari mapya ufike gramu 130 za kaboni dioksidi kwa kilomita ifikapo mwaka 2015, na vipimo vya wakati huo vilifanyika maabara kwa mwendo wa upole ambao injini ndogo huupenda. Japani nako kodi ya mwaka ya gari hupanda kila ujazo unapopanda cc 500. Lakini usidhani tabo ni ubahili wa watengenezaji tu. Chukua C280 ya mwaka 2007, yenye silinda sita na cc 2,996, uilinganishe na C200 ya mwaka 2014, yenye silinda nne na cc 1,991. Zote mbili hutoa nyutoni-mita 300. Ile ya silinda sita huzifikia kuanzia mizunguko 2,500 kwa dakika. Ndogo yenye tabo huzifikia kuanzia 1,200. Mwendo wa kasi utakuonesha kwamba ya zamani ina nguvu za farasi 231 dhidi ya 184, lakini mjini, ambako mguu haukanyagi hata nusu, ndogo ndiyo inayoondoka bila kuhangaika. Hata Rolls-Royce, ambayo haina haja ya kubana matumizi, ilifuata njia hiyo. Phantom ya mwaka 2003 ilikuwa na silinda 12 za lita 6.75 bila tabo, nyutoni-mita 720 kwenye mizunguko 3,500. Ile ya mwaka 2017 ina ujazo uleule na tabo mbili, nyutoni-mita 900 kwenye mizunguko 1,700. Gari zito linalosogea bila injini kupandisha sauti ni utulivu, na utulivu ndio mnunuzi wa gari la namna hiyo anaoulipia. Wapo waliobaki na injini inayovuta hewa yenyewe kwa sababu ya mwitikio na mlio, kama Lexus LC 500 na Porsche 911 GT3. Wanaozipenda wana sababu ya kweli, kwa maana injini hizo hujibu mguu papo hapo na kwa kipimo, bila kusubiri gurudumu lolote lishike kasi. Ila mnunuzi wa gari la kwenda kazini na safari za mkoani hatakiwi kuamua kwa mlio.

Huku kwetu kodi nayo inasukuma upande wa tabo. Tanzania hupandisha ushuru wa bidhaa injini ikivuka cc 2,000, na Kenya huweka kiwango kizito zaidi kwa injini ya petroli inayozidi cc 3,000. Ndiyo maana C200 ya cc 1,991 na BMW za cc 1,998 zinaonekana nafuu kuliko kaka zao wakubwa, na unafuu huo ni wa kweli. Viwango hubadilika karibu kila bajeti, kwa hiyo tumia kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, au orodha ya thamani ya KRA, ile ya Kenya, ya mwaka unaonunua badala ya maneno ya wakala. Ukirudi kwenye Harrier zetu mbili, utaona kwamba ujazo hauzitofautishi: zote ziko chini ya cc 2,000. Kinachotofautisha ushuru wake ni thamani ya gari, na lenye tabo liliuzwa ghali zaidi likiwa jipya. Hapo tabo haikuokolei chochote bandarini, na lazima ijitetee kwa kitu kingine.

Kitu hicho, kwa nusu ya wasomaji wa mwongozo huu, ni mwinuko. Sioni jambo linalosahaulika kama hili katika mazungumzo ya kununua magari, ilhali Afrika Mashariki ni mahali ambapo lina uzito mkubwa kuliko Ulaya yote yanakotengenezwa magari hayo. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 16, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hichohicho, kwa sababu inavuta ujazo uleule wa hewa yenye oksijeni pungufu. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, hasara ni kama asilimia 13. Eldoret, ambayo imevuka mita 2,000, inakaribia asilimia 20, na ukipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, umeacha karibu robo ya injini yako pwani. Harrier yenye nguvu za farasi 151 Dar es Salaam inabaki na kama 127 Nairobi, kabla hujawasha kiyoyozi na kupakia familia. Lenye tabo halipotezi hivyo. Kompyuta yake hupima shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, ikaona ni dogo, ikaiamuru tabo izunguke zaidi mpaka shinikizo linalotakiwa lipatikane. Kwa hiyo pengo la nguvu za farasi 80 kati ya magari hayo mawili pale Kivukoni linakuwa karibu 100 pale Westlands. Mkazi wa Nakuru, Eldoret, Mbeya au Kigali anayepanda milima kila siku ana hoja nzito ya kununua tabo, na anayemwambia kwamba ni anasa tu hajui anachosema.

Lakini fidia hiyo ina bei, na bei yenyewe ina pande mbili. Kwanza, tabo inayofidia hewa nyepesi inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi kuliko ingekuwa pwani, ikifanya kazi ileile ya kusukuma gari. Pili, kuna suala la okteni. Injini isiyo na tabo ikipanda milimani hubanwa kidogo, na hatari ya petroli kulipuka kabla ya wakati, ile mafundi wanayoiita injini kugonga, hupungua. Inaweza kuvumilia petroli ya okteni ya chini kuliko pwani. Tabo inafuta nafuu hiyo, kwa kuwa inarudisha shinikizo la pwani ndani ya silinda, hivyo mahitaji yake ya okteni hayapungui hata ukiwa Limuru. Japani petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89 na ile ya daraja la juu 96. Harrier isiyo na tabo imeandikiwa ya kawaida, yenye tabo imeandikiwa ya juu. Magari ya Ulaya yenye tabo mara nyingi huandikwa 95 au 98 ndani ya kifuniko cha tangi. Fungua kifuniko hicho usome, kisha ulizia kwenye vituo unavyotumia kama petroli ya kiwango hicho inapatikana siku zote, na siyo mjini tu bali pia njiani unakosafiri. Ukitia ya chini, injini haitakufa siku hiyo. Kompyuta itachelewesha cheche ili kujilinda, nguvu uliyoilipia itapungua, moshi utatoka moto zaidi, na matumizi yatapanda.

Matumizi ya mafuta ndiyo ahadi kubwa ya tabo, nayo inahitaji kusikilizwa kwa haki. Ni kweli kwamba injini ndogo hupoteza nguvu kidogo katika kujivuta yenyewe. Kwenye foleni ya Mombasa Road au Ubungo, gari likiwa limesimama, injini ya silinda nne inaunguza petroli kidogo kuliko ya silinda sita, hilo halina ubishi. Kwenye barabara tambarare kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tabo inakuwa karibu imelala na gari linatumia mafuta kama dogo lilivyo. Tatizo huanza unapoitaka nguvu. Gramu ya hewa inayoingia bado inadai sehemu yake ya petroli, iwe imevutwa au imesukumwa, na injini ikilemewa kompyuta nyingi huongeza petroli ya ziada ambayo kazi yake ni kupoza gesi ya moshi isiunguze tabo. Mwaka 2013 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kwamba magari mengi yenye injini ndogo za tabo hayakufikia matumizi yaliyotangazwa, na baadhi yalizidiwa na injini kubwa zisizo na tabo katika mwendo wa kawaida. Hiyo hailingani na kusema tabo ni uongo. Inamaanisha kwamba akiba yake iko kwenye mguu wako. Mwenye mguu mwepesi ataiona. Anayepita malori mlolongo kutoka Chalinze hadi Mikumi, gari limejaa na kiyoyozi kimewaka, asiitegemee.

Sasa tufike kwenye oili, mahali ambapo kwa maoni yangu uamuzi wote unaamuliwa. Huko Ulaya watengenezaji waliruhusu oili ikae hadi kilomita 25,000 au zaidi kabla ya kubadilishwa, au miaka miwili. Ratiba hiyo ilimfaa aliyekodisha gari kwa miaka mitatu kisha akalirudisha. Haikumfikiria mmiliki wa tatu aliye Arusha. Oili inayopita kwenye shafti ya moto, kisha injini ikazimwa ghafla, hubaki pale ikaungua na kuacha utando mgumu wa kaboni. Utando huo ukirundikana huziba mrija mwembamba wa kuilisha tabo, na tabo iliyokosa oili kwa sekunde chache tu huanza kujila. Magari ya karibuni yana maji yanayoizunguka beringi ya tabo, na baadhi yana pampu ya umeme inayoendelea kusukuma maji baada ya kuzima, kwa hiyo hatari imepungua sana. Haijaisha. Joto lilelile pia hukausha mabomba ya mpira, gasketi na plastiki za chini ya boneti. BMW ilionesha jambo hili kwa kiwango kikubwa: injini yake ya silinda nane ya lita 4.4 iliyotoka mwaka 2008 kwenye X6 iliwekewa tabo mbili ndani ya bonde la V, katikati ya safu za silinda, mahali ambapo joto halina pa kukimbilia. Ulaji wa oili na matatizo mengine ya injini hiyo yaliifanya kampuni ianzishe mpango maalumu wa kuwahudumia wamiliki huko Marekani mwaka 2014. Gari la namna hiyo leo huuzwa kwa bei inayovutia sana. Bei hiyo ina sababu yake, na aliyeielewa sababu hiyo ni yule anayeliuza.

Utapingwa hapa, na kwa haki, kwamba hata injini zisizo na tabo huvunjika. Ni kweli. Mercedes za silinda sita za toleo la M272, hasa zile za miaka ya mwanzo, zilikuwa na gia ya shafti ya mizani iliyotafunika kabla ya wakati, na kuibadilisha kulidai injini ishushwe. BMW za silinda sita zisizo na tabo za miaka ileile zina pampu ya maji ya umeme isiyopenda uzee. Sisemi kwamba kukosa tabo ni kinga. Ninachosema ni kwamba injini isiyo na tabo ina vitu vichache vya kuharibika, joto dogo la kuviharibu, na mara nyingi hukupa muda: huvuja, hupiga kelele, hupunguza nguvu polepole, nawe ukapata nafasi ya kujipanga. Tabo ikivunjika, vipande vya chuma vinaweza kuingia kwenye kipoza-hewa, kile kinachopoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini, na oili ikasambaza unga wa chuma kwenye injini nzima, na kazi iliyokuwa ya siku moja inageuka kufungua injini. Wengine watakuambia kwamba nembo inatosha, kwamba ya Toyota haifi. Mwaka 2024 Toyota iliita zaidi ya magari 100,000 ya Tundra na Lexus LX nchini Marekani yenye injini ya silinda sita na tabo mbili, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyoachwa ndani wakati wa utengenezaji. Kosa hilo halikutokana na tabo, lakini linatosha kuonesha kwamba nembo haichukui nafasi ya ukaguzi.

Pingamizi la pili linahusu dizeli. Land Cruiser za tabo zimevuka laki nyingi za kilomita kutoka Turkana hadi Songea, kwa hiyo, husemwa, tabo haina tatizo. Land Cruiser zile ni ushahidi mzuri wa jambo jingine. Moshi wa dizeli ni wa baridi zaidi kuliko wa petroli kwa nyuzi mia na zaidi, injini yake huzunguka polepole, na chuma chake kilitengenezwa kizito tangu mwanzo kwa ajili ya mgandamizo mkubwa. Tabo hapo inaishi maisha ya raha. Usiuhamishe uaminifu huo kwenye injini ndogo ya petroli inayokamuliwa nguvu za farasi 115 kwa kila lita. Na hata kwenye dizeli, zile za kifahari za karibuni zenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi ni habari nyingine, hasa kwa anayeendesha safari fupifupi za mjini ambazo hazikipi kichujio joto la kujisafisha.

La tatu ni kwamba uchaguzi wenyewe unayeyuka. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, na kila mwaka unaopita unaondoa kwenye orodha magari ya silinda sita yasiyo na tabo. Tanzania inayapokea ya zamani zaidi, lakini huyaongezea ushuru kwa umri. Anayetaka kubaki bila tabo atazame Lexus RX 350 za kabla ya mwaka 2022 na magari ya mseto kama RX 450h, ambako mota ya umeme hufanya kazi ileile ambayo tabo hufanya kwenye mizunguko ya chini, na injini ya petroli ikabaki inavuta hewa yenyewe. Deni la huko ni betri, nalo lina uzuri mmoja mkubwa: hali ya betri inapimika kwa kompyuta kabla ya kununua. Kwa mkazi wa pwani anayetaka gari la kukaa nalo miaka kumi, mimi ningeweka njia hiyo mbele ya tabo. Kwa mkazi wa nyanda za juu, ningeweka tabo iliyothibitishwa mbele ya injini ya kawaida yenye cc 2,000, ambayo itamchosha kila mlima.

Kuthibitisha kunaanza na karatasi. Gari la Japani huja na kitabu cha sevisi, na mara nyingi utakuta kibandiko kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti chenye tarehe na kilomita za mara ya mwisho oili ilipobadilishwa. Omba picha za vyote viwili pamoja na karatasi ya mnada kabla ya kulipa, ulinganishe kilomita zake na za mita. Kama gari liko hapa nchini tayari, agiza lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi. Rangi ya kahawia ni sawa, tope jeusi lililoganda si sawa, na hapo unaweza kuaga kwa heshima. Liwashe likiwa baridi usikilize sekunde chache za kwanza, kwa maana mkwaruzo wa cheni ya taiming husikika hapo na kisha hujificha. Liache liungurume dakika tano bila kuligusa, kisha mtu akanyage ghafla huku wewe umesimama nyuma. Wingu la bluu linaonesha kwamba oili inapita kwenye sili za valvu au za tabo. Mwombe fundi afungue bomba linalotoka kwenye kipoza-hewa: unyevu mwembamba wa oili ni wa kawaida, oili iliyotuama si ya kawaida. Akiweza kuifikia shafti ya tabo, aitikise kwa vidole. Kucheza kidogo kwa ubavu ni sawa, kuingia na kutoka si sawa hata kidogo. Kisha aunganishe kompyuta ya kupimia, na hapa usikubali kuishia kwenye kusoma hitilafu, kwa kuwa hitilafu zinaweza kufutwa asubuhi hiyo. Mtake asome shinikizo linalotakiwa na shinikizo linalopatikana, gari likiwa linapanda mlima kwa nguvu zote. Namba hizo mbili zikitembea pamoja, tabo na mabomba yake ni mazima. Ile ya pili ikichelewa au ikikwama chini, kuna uvujaji, vali iliyochoka, au tabo inayokufa. Ukisikia mlio wa king'ora unaopanda na gari, maliza ukaguzi hapo.

Kabla ya kukubaliana bei, piga simu kwenye maduka mawili ya spea uulize bei ya tabo ya gari hilo hasa, gasketi zake, mrija wake wa oili na kazi ya kuifunga. Ikiwa hakuna kumbukumbu yoyote ya oili, ihesabu tabo kuwa imekufa na uipunguze bei yake yote kwenye bei ya gari. Muuzaji akikataa, tafuta jingine, kwa sababu hatari anayokataa kuibeba yeye anakupa wewe.

Ukishanunua, badilisha oili na kichujio wiki hiyohiyo, hata kama umeambiwa vilibadilishwa jana. Nunua oili kwa muuzaji anayeaminika, yenye kopo lililofungwa na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari: Mercedes nyingi za petroli hutaka 229.5, BMW nyingi hutaka Longlife-01, na kwa tabo za Kijapani za karibuni tafuta API SP, daraja la mwaka 2020 lililotengenezwa likizingatia mlipuko wa mapema unaozisumbua injini ndogo za tabo kwenye mizunguko ya chini. Baada ya hapo usipitishe kilomita 7,500, na kama maisha yako ni foleni, 5,000. Asubuhi endesha taratibu mpaka oili ipate joto, na oili huchukua muda mrefu zaidi ya maji ambayo mshale wa dashibodi unakuonesha. Ukitoka safari ya kasi, kilomita ya mwisho iende polepole, au liache liungurume dakika moja kabla ya kuzima. Na kama unapita barabara za vumbi, fungua boksi la kichujio cha hewa kila mwezi, ukague pia bomba linalotoka hapo hadi kwenye tabo, kila klipu na kila mkunjo. Mwanya mdogo baada ya kichujio hupitisha mchanga moja kwa moja kwenye mapanga yanayozunguka mara laki moja na zaidi kwa dakika, nayo yakianza kulika hayarudi.